Mkanda Uliomuuma Mama Naliaka

Kuna mlio wa nyundo ndogo ikigonga shaba. Si kama wa mafundi wa mabati, ule unaokufanya uzibe masikio. Huu ni wa taratibu, wa mtu asiye na haraka. Juzi niliusikia nyuma ya soko hapa Eldoret, mvua ikiwa imetoka kunyesha na harufu ya ngozi na gundi ikinijia, nikasimama na vitunguu vyangu mkononi, nikajiona nina miaka tisa.

Nilizaliwa mguu wangu wa kushoto ukiwa dhaifu kuliko mwenzake. Nilipofika darasa la tatu nilipewa chuma cha kunisaidia: vyuma viwili vyembamba kutoka pajani hadi kwenye kiatu, vikishikwa na mikanda ya ngozi. Kila asubuhi, nyumbani kwetu Yamumbi, mama alipiga magoti nyuma yangu kunifunga, kwa sababu bizimu, kile chuma cha mkanda chenye ulimi, lilikuwa nyuma ya paja ambako mikono yangu haikufika vizuri. Mama alikuwa mwalimu. Alinifunga huku akitafuta funguo kwa macho na kumeza chai.

Mkanda wa juu uliniuma. Nilimwambia.

"Utazoea, Jerop. Daktari alisema ukazwe."

Nikasema tena, na tena. Baada ya wiki kadhaa niliacha kusema, nikabuni mwendo wangu wa kuutupa mguu kando. Darasani wakaniita Bata. Kusema kweli nilifanana naye.

Asubuhi moja ya matope, ribiti iliyoshika ule mkanda iling'oka njiani. Ribiti ni kile kipande kama msumari mfupi kinachopita kwenye ngozi kisha kikapondwa upande wa pili kisitoke. Chuma kikalegea, nikaanguka kifudifudi. Mama alinifuta uso kwa leso yake, akapachika ribiti ileile na kuigonga kwa jiwe, akasema tukimaliza masomo tutaenda mjini kwa Mama Naliaka.

Mama Naliaka alitoka upande wa Bungoma. Alikaa kwenye baraza la duka lililofungwa, akishona mikoba na mishipi. Alikuwa na kipande cha reli cha kugongea na kopo la maziwa lililojaa ribiti. Nilitarajia aongee na mama, kama watu wazima wote walivyofanya. Badala yake alinigeukia.

"Inakuuma wapi, mtoto?"

Nikamwangalia mama kwanza. Kisha nikaweka kidole.

"Inauma ukitembea ama hata ukikaa?"

"Ukikaa ndio zaidi."

Aliupapasa mkanda kwa dole gumba. "Mwalimu, niachie hii hadi kesho."

"Si ni ribiti moja tu?"

"Niachie."

Nilifurahi sana, kwa kuwa bila chuma hakukuwa na shule. Nilishinda kitandani nikila mandazi.

Jioni iliyofuata mama alinibeba mgongoni hadi kwenye lile baraza. Mama Naliaka alikunja mkono wa sweta yake bila kusalimia vizuri. Juu ya kiwiko alikuwa na alama ya duara, imevimba, katikati imechubuka.

"Nimejifunga nayo tangu jana," alisema. "Nimepika nayo, nimelala nayo. Mwalimu, huyu mtoto hakuwa anadeka."

Mama aliushika ule mkono, akautazama. Kisha akainua pindo la sketi yangu, akakuta duara kama lile.

Mama Naliaka alinionyesha kosa lenyewe: ribiti ziliwekwa kinyume, ncha zilizopondwa zikielekea kwenye nyama yangu. Alizikata zote. Akatoboa matundu mapya, madogo, ribiti isicheze ndani yake, akapitisha kila moja kutoka ndani ili kichwa kipana, laini, kikae upande wangu. Kwa nje akavisha kiduara cha shaba, akapunguza ncha kwa koleo, akaigonga polepole kuizunguka hadi ikawa kama kitufe. Juu ya vichwa akashonea kipande cha ngozi ya kondoo. Sijawahi kuona mikono yenye uhakika kama ile. Mwisho aling'oa bizimu nyuma, akaliweka mbele.

"Sasa utajifunga mwenyewe," alisema. "Jaribu nione."

Nilijaribu mara tatu. Ya tatu ulimi uliingia tunduni.

Kesho yake asubuhi nilijifunga huku mama amesimama mlangoni, funguo mkononi, bila kazi. Nilikasirika kwamba hakunisifu. "Haya, twende," alisema tu, akatangulia.

Miaka mingi baadaye, tukimenya viazi jikoni kwake, aliniambia kwamba asubuhi ile alitaka kuniomba msamaha ila hakujua mtu anamwomba vipi mtoto wa miaka tisa. Nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiwazia. Tangu siku ile, nikisema kitu kinauma, hata kiwe kidogo namna gani, mama aliweka chini chochote alichoshika, akaja kuangalia. Mimi nilidhani ni kwa sababu nimekuwa mkubwa.