Salamu za Kuvusha Ziwa

Naikumbuka vizuri siku ile mjomba wangu Sumaili alishuka kwenye bwato pale Lweba, miwani nyeusi machoni, redio begani, shati lenye maua kama pazia la chumba cha bibi-arusi. Alikuwa ametoka Bujumbura kutembea. Siyo kazi, siyo biashara, kutembea tu, na wakati ule kwetu muntu wa kutembea tu alikuwa muntu kweli. Sisi batoto tulimzunguka kama samaki wadogo wa ndagala kwenye taa ya wavuvi.

Sasa, mwanangu, nikueleze kwanza desturi yetu. Zamani muntu akitaka kuvuka ziwa alibebeshwa salamu. Wale wenye ndugu ng'ambo walikuja pale mchangani, mmoja mmoja, wakamshika mkono. Mwenye salamu anasema jina lake, jina la yule wa kule, na neno lake. Msafiri anarudilia neno kwa neno, na mkono hauachiliwi mpaka arudilie sawasawa. Akirudi, anashikwa mkono ule ule, anaulizwa jibu. Kalamu tulikuwa hatuna, lakini mikono tulikuwa nayo.

Basi mama Riziki akamshika Sumaili mkono. “Sumaili, mutoto wangu Amisi iko namna gani?”

“Aa, mama, sikumuona. Ile muji ni mukubwa.”

Akaja mama Asende. “Na shemeji yangu je?”

“Kwake pia sikufika. Lakini niliona nyumba moja kule, mama! Nyumba juu ya nyumba!”

Babu yetu, Tate Wilondja, alikuwa amekaa pale anashona nyavu. Hakuinua hata kichwa. “Sumaili,” akasema, “gunia ya mihogo na yenyewe ilifika Bujumbura. Balipakiza, balishusha. Na nyumba juu ya nyumba iliiona.”

Pwani nzima ikapasuka kwa kicheko. Mjomba akavua miwani, akacheka na yeye, afanye nini? Tangu siku hiyo jina la Gunia likamshika, mpaka akazeeka nalo, na ukimwita anaitika bila hasira, hata kwa kujivuna kidogo.

Mimi nilicheka kupita wote, halafu nikajifikiria mwenyewe. Na mimi nilikuwa na safari yangu ya ndoto. Huku kwetu Fizi reli haifiki, na nilisikia kwamba Kigoma iko gari la moshi, refu kama kijiji, linatambaa juu ya vyuma na kulia kama ng'ombe mia. Wenzangu waliota mume, mimi niliota gari la moshi. Kila mtu na wazimu wake.

Haikupita muda, mama Zaituni wa mjini Baraka, yule ambaye mume wake alikuwa na bwato la mota, akaja kwa mama yangu. Kulikuwa na harusi ya ndugu yake Kigoma, tena ilikuwa wakati wa vakansi, shule zimefungwa. “Nipatie huyu binti anisindikize,” akasema. “Atakula pilau, ataona dunia.”

Mama akamtazama Tate.

“Aende,” Tate akasema. “Tembea uone. Lakini asiende kama gunia.”

Asubuhi ya safari wakaja wenye salamu. Nilishikwa mkono mpaka vidole vikauma. Mama Riziki kwa dada ya mume wake, muzee Mlondani kwa rafiki yake wa kuvua, na wengine, wote ninao hapa kichwani hadi leo. Wa mwisho alikuwa jirani yetu, mama Nyasa, Nyasa ni jina lake mwenyewe. Yeye mdogo wake Feza alipotea wakati wa kukimbia vita. Nyasa alikimbilia milimani upande wa Kilembwe, Feza akapanda mtumbwi wa watu, na tangu hapo hakuna aliyejua kama Feza iko ao haiko. Walisema tu, labda Ujiji.

Mama Nyasa alinishika mkono, akaukaza. Halafu: “Ukimuona, umwambie: Nyasa anasema, kinu iko nyumbani. Muchi uliipeleka wapi?”

Watu wakacheka, kwa sababu kweli Feza alikimbia na mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, mkononi, kwa ule woga. Mama Nyasa hakucheka. Nikarudilia. Akaniachilia.

Mwanangu, Kigoma nilifurahi! Nilikula pilau mpaka kitenge kikanibana. Nilicheza ngoma na mabibi wasionijua. Asubuhi mama Zaituni alinipitisha nyumba kwa nyumba kupeleka salamu, na kila mlango niliofika sikuruhusiwa kuondoka bila kula. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu analeta karanga, huyu analeta samaki wa mukeke wa kuchoma, huyu ananitazama usoni na kusema, “Wewe ni wa kwa Wilondja, hiyo pua naijua!” Muji nilioingia kama mgeni, jua likifika katikati nilikuwa naitwa kwa jina langu sokoni.

Ikabaki salamu moja, ya Feza. Na siku ikabaki moja, kwa sababu kesho yake bwato linarudi. Na siku hiyo moja iliyobaki, mchana, gari la moshi linaondoka.

Mama Zaituni hakunificha. “Ujiji na gari ya moshi, yote mbili haitawezekana. Tena huyo Feza, hakuna mwenye kujua kama iko. Chagua mwenyewe.”

Nilisimama pale barabarani nikiwa na kandambili mkononi. Nikatazama upande wa stesheni, watu wanakwenda na masanduku kichwani. Nisikudanganye, miguu ilikwishageukia huko. Lakini huu mkono wa kuume, kila nikiufungua naona ile sura ya mama Nyasa ambayo haikucheka. Nikasema, “Twende Ujiji.” Nikalia kidogo njiani, mama Zaituni akajifanya hakuona.

Sokoni Ujiji tukaenda kwa wauza mawese, kwa sababu pale ndipo watu wa upande wetu hukaa. Nikaanza: mnamjua Feza wa Lweba? Feza gani? Feza ndugu ya Nyasa. Hapana. Feza aliyekuja na mchi mkononi!

Mama mmoja akapiga makofi. “Wa muchi? Si ni Feza wa pale nyuma ya msikiti!”

Tukamkuta mlangoni anachambua sombe, mwanamke mnene, na nywele zimefungwa kitambaa. Nikamshika mkono kama nilivyofundishwa. “Nyasa anasema, kinu iko nyumbani. Muchi uliipeleka wapi?”

Bakuli likaanguka. Alinitazama kama mtu anayeamshwa. Halafu akapiga kelele, “Nyasa! Nyasa! Kuya uone mugeni!”

Nikashtuka, nikafikiri furaha imemgeuza akili. Mara akatoka ndani msichana mdogo, meno ya mbele hakuna, anajifuta mdomo. Feza akamsukuma kwangu. “Huyu ndiyo jibu. Umwambie dada yangu, kila siku ninaita jina lake, na hajaacha kuwa mutundu.”

Tulicheka, tukalia, tukala, tukacheka tena. Walinieleza baadaye kwamba honi ya gari la moshi husikika hadi Ujiji. Mimi sikuisikia, makelele yetu yalikuwa makubwa. Na hadi leo nikiwa na mvi hizi, gari la moshi sijaliona.

Tuliporudi Lweba watu walinijia mchangani, nikagawa majibu yao. Mama Nyasa alisimama mbali, maji kwenye vifundo vya miguu, hathubutu kuuliza. Nikamfuata mimi. Nikamshika mkono. “Feza iko. Ana batoto. Mukubwa ni binti, anaitwa Nyasa.”

Alikaa chini palepale ndani ya maji, na kitenge chake kipya, akacheka mpaka wavuvi wakaacha kuvuta nyavu.

Sasa nyinyi wajukuu mnanionyesha kwenye simu Dubai, Zanzibar, Paris, ule mnara wa vyuma, na mwenzenu Ziada ananiuliza mimi bibi yenu, “Koko, wewe ungechagua kwenda wapi?” Nawaambia Ujiji, mnacheka. Chekeni, lakini msikie. Mwanangu, sikukatazi kuota. Ota, hata mbali. Nenda uone hayo maghorofa, piga hizo picha, kula vitu ambavyo majina yake sitaweza kusema. Lakini kabla hujapanda, pita kwa jirani uulize ana nani kule. Beba neno la mtu, ulipeleke mpaka mlangoni, na urudi na jibu. Mahali pazuri pa kutembea ni pale mtu anapofurahi kwamba umefika. Ukikosa kuona kitu kwa ajili ya mtu, usihuzunike sana. Kitu hakitajua kwamba hukufika, mtu anajua.

Njia zikupokee vizuri, mwanangu. Maji yawe tulivu chini yako, na ndege ishuke polepole. Na Mungu ajalie, kokote utakakokanyaga, atokee mtu mlangoni akuulize, “Nyumbani bako bazima?” Nawe uwe na la kumjibu. Amina.