Pipa la Depo kwenye Moto wa Chumvi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa akitunza depo ya kiwanda kule Panda, mtaa wa mji wa Likasi. Siku moja aliniita nyuma ya jengo akanionyesha pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu, nusu mbili zimelala kwenye majani kama mabeseni makubwa. Akaniambia nimpelekee mama yangu. Ningesema hapana, neno lingeishia pale pale. Nilisema ndiyo.

"Mama yako atapika chumvi sawa kampuni," alisema. "Ile ya kupika na chungu, ni kazi gani ile?"

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Ile unga ya dawa ya kuoshea mawe ya shaba. Iliisha kabisa. Shemeji, weye muntu wa sekondari unaogopa pipa tupu?"

Nilicheka ili asione kwamba naogopa kweli. Lakini unga sikuuwazia. Niliogopa geti. Miaka ile kila kitu cha kiwanda kilikuwa cha taifa, hata msumari uliopinda, na aliyekutwa nacho aliitwa adui wa taifa. Jirani yetu wa kambi ya wafanyakazi alikamatwa na kipande cha waya wa shaba ndani ya kiatu. Jioni ile ile mke wake aliambiwa aache nyumba. Yule bwana hatukumwona tena, wala hatukuuliza.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kiwandani. Nilisoma sekondari kwenye shule ya misheni, Mulungwishi, na ndiyo iliyonipa kazi, nyumba na mgao wa unga wa mahindi. Lakini nilizaliwa kaskazini, ng'ambo ya mto Lufira, kwa watu wa chumvi. Huko baridi ndiyo majira ya kazi. Mvua zikikatika, maji ya bondeni hukauka, na asubuhi ardhi huwa nyeupe mara mbili: sakitu, umande ulioganda, juu ya majani, na chini yake chumvi iliyopanda kutoka udongoni. Watu huacha kijiji na kujenga vibanda vya majani kando ya bonde mpaka joto lirudi. Wanawake hukwangua udongo ule kwa vipande vya kibuyu, huutia kwenye chujio la majani lililosukwa kama faneli, humimina maji, na yanayodondoka huyapika mpaka ibaki chumvi. Wanaume huleta kuni na kwenda kuuza. Chumvi ya baridi moja ndiyo nguo, sabuni na karo ya mwaka mzima. Hata karo yangu ilitoka kwenye vyungu vya mama.

Sheria ya mahali pale ilikuwa moja, na hakuna aliyeichezea. Mwanamke mwenye chungu motoni halali na mwanamume. Chumvi iliyovunjiwa sheria huwa chungu na nyeusi, na huugua aliyeila. Ikitokea hivyo, mwenye chumvi, yaani bibi ambaye ukoo wake ndio uliowasha moto wa kwanza pale, huzima mioto yote na kuuliza. Aliyekosa akisema, vyungu vyake huvunjwa, anaondoka, na wengine wanaendelea. Asiposema mtu, mioto haiwashwi tena mwaka ule. Mama alikuwa mjane tangu nikiwa shuleni. Kwa sheria ile alikuwa salama kuliko wote.

Pipa lilitoka getini chini ya magunia, kwenye lori la kwenda kutafuta kuni. Shemeji alikuwa amezungumza na dereva. Mlinzi alichoma magunia kwa fimbo, chuma kikalia. Dereva akasema ni sufuria za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na mlinzi, sijui kwa nini, akafungua. Nilikuwa nimepanga kuziosha zile nusu mtoni kwa mchanga na maji mengi, kwa maana zilinuka kabeji iliyooza na kwenye kona zake kulikuwa kumeganda kitu cha manjano. Tulipofika Lufira, kulikuwa na askari darajani. Niliona haya kushusha mali ya kiwanda mbele yao. Si haya, ni woga. Tukapita bila kuosha.

Mama alizunguka zile nusu-pipa, akazigonga kwa kidole.

"Mutoto yangu, hii kintu iko na harufu."

"Nimeiosha, mama. Ni harufu ya chuma."

Aliniamini. Akazipangia mawe na kuwasha moto.

Wanawake wa vibanda vingine walikuja kucheka. "Huyu anapika chumvi ama anapika treni?" alisema mmoja. Mwingine akamwambia achunge, serikali itamletea reli mpaka mlangoni. Mama naye akawajibu, "Nyinye mulie na vyungu vyenu. Minye niko na mutoto wa biro, wa kazi ya ofisi." Hata mwenye chumvi, aliyekuwa na kiko mdomoni saa zote, aliutazama mvuke ukipanda akasema, "Ile pipa inakohoa kuliko mimi." Nilicheka nao. Kando yao alisimama kijana wa Chama, aliyetumwa kukaa pale baridi yote kuchukua fungu la Chama katika kila mzigo. Yeye hakucheka. Aliangalia rangi ya pipa, akaniangalia mimi na beji yangu ya kiwanda.

Nilirudi Likasi. Kila gari lililosimama karibu na nyumba yetu nililichungulia dirishani. Mke wangu aliniuliza nina nini, nikasema malaria.

Nilipopata likizo nilipanda tena kaskazini kuchukua mzigo wa mama. Kabla sijafika bondeni nilijua kuna jambo, maana moshi haukuwapo. Majira yale moshi huonekana kutoka mbali. Nilikuta mioto yote imezimwa na watu wamekaa kwenye majani makavu wamejifunika blanketi. Mama alikuwa mbele ya kibanda chake. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia, lakini hakuwa amelia. Aliponishika mkono niliona vidole vyake havishiki vizuri.

"Sisikii mikono," aliniambia polepole. "Na miguu. Nikiinama kwa ile mvuke, kichwa inazunguka. Juzi nilimwita mama yangu, na mama yangu alikufa zamani."

Chumvi yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walioionja walitapika. Hawakufa, lakini mwenye chumvi alikuwa amezima mioto na kuuliza, na hakuna aliyejibu. Siku ile alikuwa anauliza kwa mara ya mwisho.

Alisimama katikati, kiko kimezimika. "Mimi sitafuti kumupiga muntu. Natafuta muntu aseme, tuwashe. Watoto ya bantu hapa watasoma na nini? Nani alivunja?"

Wanawake walimwangalia mama, kwa kuwa chumvi mbaya ilitoka kwake, kisha wakaangalia chini, kwa kuwa ni mjane na walimjua. Kijana wa Chama alikuwa ameegemea mti, kidaftari mfukoni. Nilijua ni pipa. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Neno lilikuwa dogo: ni pipa la kiwanda, halikuoshwa, nilidanganya. Nilifungua mdomo, nikamwona yule kijana akigeuza uso kunielekea, nikaona nyumba yetu ya kambini mlango wazi na vitu vyetu barabarani, nikamwona jirani wa waya wa shaba. Mdomo ukafungwa wenyewe. 

Mama alikuwa akinitazama. Aliitazama pia ile nusu-pipa, kisha kijana wa Chama, kisha mimi tena. Halafu akasimama, akiyumba.

"Ni minye," alisema. "Kulikuwa muntu. Alienda zake. Muwashe mioto."

Mwanamke mmoja tu alisema, "Aa, dada, weye?" kwa sauti ya mtu aliyepigwa. Mwenye chumvi alimtazama mama, na nadhani hakumwamini. Lakini sheria ilikuwa imejibiwa. Walivunja vyungu vyake vya zamani, vile vilivyonisomesha, kimoja kimoja. Pipa halikuvunjika. Walilisukuma kwa miti mpaka kwenye shimo na kulifukia. Tulipokuwa tunaondoka mioto ilianza kuwaka nyuma yetu, na nilifurahi kwamba pipa halionekani tena. Hilo ndilo nililoliwaza wakati nimembeba mama mgongoni.

Njiani nilimwambia, "Mama, walikuwa wanafaa kujua."

"Walikuwa watakufunga," alisema. "Nyamaza sasa. Baridi."

Aliishi kwetu Panda. Mke wangu alimlisha kwa kijiko kwa sababu kijiko kilimtoka mkononi. Hospitali ya kampuni ilikuwa karibu, na kwa karani na watu wake ilikuwa bure. Sikumpeleka. Daktari angeuliza alivuta mvuke gani, wapi, kutoka kwa nini. Nilimpeleka zahanati ndogo ya mjini, nikasema ni uzee, wakampa vidonge vya uzee. Shemeji hakuja kumwona. Nilipomkuta depo alisema, "Shi nilikuambia ukazioshe?" Hakuwa ameniambia, lakini sikumbishia, kwa maana hakuhitaji kuniambia.

Baridi iliyofuata, mama aliomba nimrudishe bondeni akaone tu moshi. Nikamwambia tungoje likizo. Niliogopa kwamba akifika pale, kichwa kikiwa kinamzunguka, atasema kweli. Alikufa kabla ya likizo, asubuhi, amelala akitazama ukuta. Nilituma habari kaskazini. Wakajibu kwamba kwa sheria, aliyevunjiwa vyungu hazikwi kando ya chumvi, ila kama nina neno la kusema, nije niseme, watamchukua. Sikwenda. Tulimzika Likasi, kati ya watu asiowajua.

Kazi yangu nilibaki nayo, na nyumba pia, mpaka kampuni yenyewe ilipochoka. Mwenye chumvi amekufa, na kijana wa Chama sijui alikoishia. Hakuna tena wa kuogopa, wala hakuna wa kumwambia. Kwa ile ndiyo niliyosema nyuma ya depo, bei niliyolipa ilikuwa mama yangu, jina lake safi, na mahali pa kumzika.