Samaki Wangu Kwenye Kompyuta

Wifi yangu alianza kupata barua kutoka Ulaya miaka ile ya mwisho ya tisini, wakati ambapo mimi, niliyekuwa nikipika Ukunda tangu yeye hajaolewa, sikuwa nimeandikiwa hata na mtu wa Msambweni. Yeye ni dada mdogo wa mume wangu. Mume wake alikuwa akifanya kazi katika hoteli ya kisiwani Chale, anakuja nyumbani siku za mapumziko tu, na kwa mshahara ule walijenga vyumba viwili vya wageni nyuma ya nyumba yao, Diani. Vyumba vizuri, sisemi uongo. Choo ndani, vyandarua vyeupe, sakafu inayong'aa. Lakini wageni hawakuwako. Tangu zile fujo zilizoua watu Likoni, watalii walikuwa wamepungua, hoteli kadha zilikuwa zimefungwa, na wafanyakazi wake ama walirudi kwao bara ama walibaki Ukunda wakitafuta la kufanya.

Mmoja wa waliobaki alikuwa bwana mmoja wa bara aliyekuwa akipokea wageni katika hoteli iliyofungwa. Alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, akakodi chumba karibu na posta, akavuta laini ya simu, na akaandika mlangoni kwamba anasaidia biashara ndogo kujitangaza kwenye intaneti. Wengi wetu tulipita pale tukidhani anatengeneza televisheni. Wifi yangu ndiye aliyeingia kwanza. Yeye ndivyo alivyo. Kitu kipya hakimpiti.

Siku ya kupigwa picha alikuja mbio mkahawani kwangu.

"Wifi, nisaidie. Bwana wa kompyuta anakuja kupiga picha za nyumba na chakula, na mimi samaki wangu amevunjikavunjika."

Nilimpikia. Nilikwenda mwenyewe na sinia kichwani: changu wa kupaka, mzima, tui zito limemganda juu na rangi ya ukwaju. Nilipokuwa nikimweka mezani, yule bwana akasema, "Mama, shika hapo hapo, usitoe mkono," akabonyeza kamera. Sikufikiri lolote. Nilirudi kwenye vyungu vyangu.

Miezi ilipita, na wageni wakaanza kuja. Kwanza mke na mume wazee, kisha wasichana watatu waliovaa kaptula, kisha familia nzima yenye mtoto mchanga. Hawakuja kupitia hoteli wala kampuni za safari. Walikuja na karatasi mkononi, wakishuka kwenye teksi na kuuliza kwa wifi yangu. Nami nikaanza kuwa na safari za Diani nisizokuwa nazo zamani. Napeleka mahamri kwa mtu anayekaa jirani naye. Naenda kumjulia hali shangazi. Kila mara napita mbele ya kibaraza chake na kutazama viatu vilivyovuliwa mlangoni, vya ngozi, vya kizungu, vikubwa kama mitumbwi.

"Una wivu," mume wangu aliniambia siku moja.

"Wivu wa nini?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua pazia lake jipya lina maua mangapi."

Mume wangu alikuwa akitunza bustani za hoteli, na ni mtu wa maneno machache, lakini hayo machache huyachagua. Nilimpakulia wali nikamnyima ukoko, ambao anaupenda.

Kisha wifi akanialika nikaone. Alinichukua hadi kwenye kile chumba karibu na posta, tukaketi kwenye benchi, na yule bwana akaunganisha simu. Mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa. Picha ilishuka polepole kutoka juu, kama mtu anayevuta shuka: kwanza paa la makuti, kisha wifi yangu mwenyewe akitabasamu na leso yake ya manjano, kisha meza. Na mezani, samaki wangu. Na juu ya samaki, mkono wangu, wenye bangili ya fedha niliyopewa na mama siku ya harusi na kovu la mbuzi ya nazi kwenye kidole gumba. Mkono peke yake. Ulikatwa hapa, juu kidogo ya kiwiko.

"Umeona?" wifi akasema. "Dunia nzima inaona."

"Hapa chini pameandikwaje?"

Yule bwana akasoma, akitafsiri. Wageni wetu hula chakula halisi cha pwani, kilichopikwa na mwenye nyumba.

Nilisema mashaallah. Ndilo neno lililonitoka. Nilisema mashaallah, nikafunga buibui langu vizuri, nikaondoka nikisema nimeacha maharagwe motoni, na sikuwa nimeacha maharagwe yoyote.

Sikumgombeza. Ningemgombeza nini? Kwamba mkono wangu umekwenda Ulaya bila mimi? Lakini tangu siku ile kila mgeni aliyekuja niliona amekuja kwa ajili ya mkono ule. Na haikuwa dhana tupu, maana wageni walianza kumwuliza wifi yule samaki wa kwenye picha, na alipowapikia wa kwake walimtazama kwa adabu. Akaja tena.

"Wifi, njoo unipikie kesho. Watu wanne."

Nilikwenda. Nilipika nikiwa jikoni kwake, kwenye jiko lake la gesi ambalo pia lilikuwa jipya. Kupitia dirishani nilimsikia mgeni mmoja akisema Kiingereza kirefu chenye furaha, na nikamsikia wifi yangu akijibu, "Thenki yu, thenki yu sana." Nilingoja aelekeze kidole jikoni. Sikuona kidole.

Kesho yake nilifunga mkahawa mapema nikaenda kwa bwana wa kompyuta.

"Nami nataka ukurasa," nikamwambia.

"Karibu mama, hakuna noma. Tuandike nini?"

"Andika kwamba yule samaki wa wifi yangu nilimpika mimi."

Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. "Mama, hiyo haitasaidia. Watu wa majuu hawamjui yeye, hawakujui wewe. Wakisoma hivyo wataona ni vita vya jirani tu. Niambie wewe unapika nini, na unapikaje. Mimi nitaandika."

Nikaanza. Nilimwambia nazi inavyochaguliwa kwa kutikiswa sikioni. Nilimwambia tui la kwanza na tui la pili, na kwa nini la kwanza halichemshwi kwa fujo. Nilimwambia samaki anavyochanjwa, na jinsi marehemu mama alivyokuwa akinipiga kofi la mkono nikigeuza samaki kabla ya wakati wake. Yule bwana aliandika kwa vidole viwili, akiniuliza maneno asiyoyajua. Watu wa bara kwao nazi ni kitu cha biskuti. Nilipomaliza koo lilikuwa limekauka. Nilikuwa nimepika maisha yangu yote na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninafanyaje.

"Itakuwa refu," alisema, "lakini tutaiweka yote, Kiswahili na Kizungu."

Kuhusu malipo tulikubaliana awe anakula kwangu mchana. Kuhusu picha nilisema jambo moja tu: uso wangu uwemo. Nilivaa leso mpya nikasimama kando ya jiko na sahani mikononi.

"Tabasamu mama. Umekaa kama unapigwa picha ya kitambulisho."

"Nitabasamu na nani?"

Kwa hiyo nilitoka hivyo, nimekaza macho kama askari, na samaki mbele yangu.

Kisha nikangoja. Kila nilipotoka sokoni nilipitia pale. Yule bwana alikuwa akiniona kupitia mlangoni, na kabla sijamaliza kusalimu anatikisa kichwa. "Bado, mama." Alikuwa akija mchana kula wali wangu, naye anakula ameinamisha uso, kana kwamba ni yeye asiyeniandikia.

Wifi yangu alikuwa akipata. Yule bwana alizitoa barua zake kwenye karatasi, naye akitoka kuzichukua hupita mkahawani kwangu, ingawa njia ya kwenda Diani haipiti hapo. Anaketi, anaagiza chai, na anajipepea na ile karatasi.

"Joto leo, wifi."

"Joto," nasema.

"Hawa wanataka kuja mwezi ujao. Sijui niwaweke wapi, vyumba vimejaa."

Nilimwombea kila la heri kwa mdomo. Moyoni nilimwombea bomba lake la maji lipasuke.

Barua yangu ilikuja wakati nimeshaacha kuuliza. Yule bwana hakungoja nipite. Alikuja mwenyewe mkahawani asubuhi, watu wakinywa chai, ameishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mama, hii imeandikwa Kiswahili," alisema. "Tena kile chenu kabisa."

Akasoma mbele ya wateja. Ilianza, "Shikamoo mama." Mwandishi alikuwa mwanamke aliyezaliwa Msambweni, akaolewa nchi ya baridi, na hakuwa amerudi nyumbani tangu nyanya yake, aliyemlea, afariki. Alikuwa akitafuta tu kwenye mashine, akiandika majina ya vyakula vya kwao ili kuona kama dunia inavijua, akakuta maneno yangu. Alisema aliposoma lile kofi la mkono alicheka hadi mumewe akaja kuuliza kuna nini. Na alikuwa na swali. Tui lake linakatika kila mara. Anatumia la mkebe. Anakosea wapi?

Hakutaka chumba. Hakutaka kuja kula. Biashara haikuwamo hata kidogo katika barua ile, na mimi nilihisi nimeshinda wageni wote wa Diani.

Nilimjibu siku hiyo hiyo, mimi nasema, bwana anaandika. "Marahaba mwanangu. Tui usilifunike, wala usiligeuzie mgongo." Yule mwanamke akaandika tena. Nikajibu. Akaniuliza mbaazi, akaniuliza mkate wa sinia, akaniambia mwanawe wa kiume hataki chochote ila viazi. Karatasi zake niliziweka kabatini chini ya nguo za Idi.

Habari haikukaa. Wifi yangu alikuja saa za utulivu, baada ya chakula cha mchana. Hakuagiza chai.

"Nasikia unaandikiwa."

"Naandikiwa."

"Na nani?"

"Mwanangu mmoja yuko ng'ambo."

"Mwanao?" Alichezea ncha ya leso yake. "Wangu wananiuliza kama kuna feni. Kama kuna mbu. Bahari iko hatua ngapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hali."

Nilimtazama. Mdomo ulikuwa umebana upande mmoja, na macho yanatafuta tafuta juu ya kabati la vyombo. Sura ile niliijua vizuri. Nilikuwa nimeivaa mimi, pale mbele ya kibaraza chake, kwa muda mrefu. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimwongezea: "Huyu ananiita mama."

Kisha ikaja barua iliyoniweka pabaya. Mwanangu wa ng'ambo alikuwa anakuja, yeye na mumewe na watoto wawili, na aliuliza walale wapi karibu nami.

"Hapa hapa kwetu," nilimwambia mume wangu.

"Wapi? Juu ya meza za mkahawa?"

Tulikuwa na vyumba viwili na watoto wetu wenyewe. Nilizungukazunguka na jambo hilo mpaka likanichosha, nikavaa buibui nikaenda Diani, na safari hii sikupita, nilibisha hodi.

"Mgeni wangu anahitaji chumba," nikasema.

Wifi aliniacha nisimame kidogo, haki yake. "Mgeni wako au wangu?"

"Wangu. Atalala kwako. Atakula kwangu."

"Na chai ya asubuhi?"

Tulibishana juu ya chai ya asubuhi hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Tukakubaliana chai iwe yake, na mahamri yawe yangu.

Walikuja. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani, na aliposhuka kwenye teksi aliniamkia kwa kunishika mkono na kuubusu, kama watoto wa zamani. Aliingia jikoni kwangu akavua saa, akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi mwenyewe, vibaya, vipande vipande. Aliponyweshwa mchuzi kwa kijiko aligeukia ukutani, nami nikajishughulisha na moto mpaka akamaliza kulia. Siku ile sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani.

Jioni niliwapelekea mahamri ya kesho. Nilipokaribia nilisikia kicheko kibarazani. Mwanangu alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, na wifi yangu amekaa nyuma yake akimsuka nywele. Walikuwa wakizungumza habari za Msambweni, nyumba ya fulani, shule ya fulani. Kumbe wifi yangu alikuwa amesoma pale kwa shangazi yake, na alimjua hata nyanya aliyefariki. Mimi niliyezaliwa Waa ningemjulia wapi?

"Ingia, wifi," akaniambia, akigawa nywele kwa chanuo. "Mwanangu ananiambia habari za baridi."

Mwanangu, alisema. Niliweka mahamri mezani na kusema nina haraka.

Waliporudi kwao barua zilianza kuja mbili mbili, moja yangu, moja yake. Tulikutana pale kwenye benchi la bwana wa kompyuta, kila mmoja akingoja karatasi yake, kila mmoja akijifanya hatazami ya mwenzake ina urefu gani. Yule bwana wa watu alichoka.

"Mama zangu," akasema, "mbona nisiwatengenezee ukurasa mmoja? Malazi na chakula. Itakuwa poa sana."

"Hapana," nilisema.

"Hapana," akasema wifi yangu, kabla sijafunga mdomo.

Nilikunja barua yangu, nikaitia kifuani, nikatoka kwanza. Nyuma yangu nilimsikia wifi akimwuliza yule bwana kwa sauti ya chini kama yangu ilikuwa na kurasa mbili.