Miwani ya Mwenyekiti

Kila mara chuo kikuu kinapotafuta wahasibu na wasimamizi wa miradi, anayekaa katikati ya meza ya usaili ni yuleyule mwenyekiti wa jopo, mwenye sauti laini kama ya daktari wa watoto na vidole vinene visivyochoka kuchezea kifuniko cha kalamu. Kila anayeingia humwita "mwanangu". Katibu muhtasi, ambaye kazi yake ni kuwaingiza watu na kuwatoa, siku hizi akilisikia neno hilo husaga meno. Maana swali la mwisho halibadiliki: "Mwanangu, mkubwa wako akikwambia usaini malipo usiyoyaelewa, utafanyaje?" Anayejibu kwamba atasaini tu, mkubwa ndiye anayejua, huulizwa ataanza kazi lini. Anayekataa, mwenyekiti huvua miwani na kuifuta polepole kwa ncha ya tai, na jina la mtu huyo limeshazikwa papo hapo. Mnafiki mkubwa!

Leo binti mmoja aliyevaa koti la kuazima, mikono yake imemfunika mpaka vidole, alikaa wima akasema, "Sisaini, mzee. Hata anifukuze." Miwani ikavuliwa. "Safi sana, mwanangu," alisema yule bazazi huku akifuta. Wajumbe wenzake wakainamia vikombe vyao vya chai. Katibu alimsindikiza binti hadi kwenye ngazi, asijue aanzie wapi kumwambia. Binti alikuwa ameshatoa simu. "Mama!" alisema akicheka. "Swali la mwisho nimelipatia! Mzee mwenyewe kasema safi sana."