Kaburi la Mgomba Kinyala

Niseme ukweli mapema msije mkanidhania mtu mwema. Sikwenda Tukuyu kufundisha mtu. Nilikwenda kumtafuta mdogo wangu Hamisi, ambaye hapa nyumbani Morogoro kila mtu alisema amekufa.

Mimi na Hamisi tulikuwa waigizaji katika kikundi cha utamaduni cha shirika moja la umma. Miaka ile ya ruksa mashirika yalipoanza kuuzwa, kikundi kikavunjwa, tukabaki kuzunguka mikoani na maigizo yetu wenyewe. Katika mzunguko mmoja basi likapinduka. Mimi nilizinduka hospitalini siku ya sita. Hamisi alikuwa ameshazikwa, maana sisi Waislamu hatulazi maiti. Mama aliambiwa asifungue sanda kwa jinsi alivyoumia, naye hakufungua. Hapo ndipo shetani aliponipata. Nikasema, kama hakuna aliyemwona uso, nani anajua walimzika nani? Mganga mmoja akanimaliza kabisa: "Mlizika mgomba. Ndugu yako ni msukule, yuko hai, analimishwa mashamba ya chai huko kusini." Miaka miwili nikakataa katakata asisomewe hitima. Basi niliogopa, nikawa namtafuta kwa miguu vijiji vya karibu; mama alilia, mimi nilifoka. Hitima ya nani, na mtu yuko hai?

Kwa hiyo barua ya Mwalimu Ambakisye ilipofika, niliisoma mara tatu. Aliwahi kutuona jukwaani Mbeya. Sasa alikuwa na kikundi cha vijana Tukuyu, wanataka kuigiza mchezo wa misukule na kuurekodi kwenye kanda ya video, na wanaomba niwafundishe kwa wiki mbili. Misukule! Na chai! Na kusini! Nikaona dua zangu zimeitikiwa. Mama alinitazama nikifunga begi, akaniuliza, "Mwajuma, ukimkosa na huko, ndiyo utatulia?" Nikavuta zipu ya begi.

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Morogoro. Tangu ajali sikuwa nimepanda basi la safari ndefu. Nilishika chuma cha kiti cha mbele mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipoanza kupanda Kitonga nilifumba macho nikasoma kila sura ninayoifahamu, zikaisha, mlima bado, nikaanza upya. Baba mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Mama, ukimaliza niombee na mimi." Nilicheka, nikapata pumzi. Jioni tukaingia Mbeya, nikalala gesti, na asubuhi nikapata gari la Tukuyu kutoka Uyole.

Jamani, ile barabara! Sijui niwaambieje watu wa hapa mliozoea vumbi. Kuanzia Isongole kila kitu ni kijani: migomba, viazi, kahawa, migomba tena, halafu chai iliyokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Na baridi. Nilivaa khanga mbili juu ya sweta na bado meno yaligongana.

Tukuyu ilinipokea kwa mvua isiyopiga hodi. Mwalimu Ambakisye, mwembamba, amevaa makubazi na koti la mtumba lililomzidi, alikuwa akinisubiri na mwavuli mmoja, akanipa wote, yeye akaloa. Alinipangia chumba mtaa wa Bagamoyo, kwa mama mmoja Mwislamu muuza vitenge. Mimi Bagamoyo niliyoijua ni ile ya pwani yenye jua kali. Hii ya Tukuyu jua lake hulioni mpaka lijisikie. Lakini watu wake! Hupiti mbele ya mlango bila kuulizwa umeamkaje. "Ugonile!" wanakuambia, nawe unajibu "Ndaga", na wanakusubiri ujibu kweli, hawakupi mgongo.

Siku ya pili tukaanza mazoezi katika darasa la shule. Vijana kumi na moja, kamera moja ya kuazima ya kupigia harusi, na unga wa ngano wa kupaka misukule usoni. Hadithi yao ni hii: kijana anakufa, anazikwa, dada yake anakataa kuamini, na kumbe kweli mchawi amemchukua, kaburini kumezikwa mgomba. Niliposoma hayo nilikaa chini kidogo.

Dada aliigizwa na Tusekile, binti wa miaka ishirini hivi, muuza maparachichi, sauti kubwa, mabega mapana. Aliigiza vibaya mno. Alijitupa chini, akavuta nywele, akapiga kelele.

"Wewe," nikamwambia, "huyo dada amefiwa au anaita zimamoto?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akacheka kuliko wote, halafu akanisogelea. "Mwalimu, msiba mimi naujua. Baba yangu alikufa nikiwa la tano, nililia nikamaliza. Ila huyu halii. Huyu anasubiri. Mtu aliyekufa anasubiriwaje?"

Lo, hapo aliniuliza ninachokijua. Nikamwonyesha. Mlango ukilia unageuka kabla hujafikiri. Ukipakua chakula mkono unaongeza sahani. Barabarani unatazama visogo vya wanaume, maana kisogo ndicho kinachofanana, na kila ukimpita mtu na kuona uso wake unachukia, kana kwamba amekukosea. Tusekile alinitazama bila kupepesa, akarudia kimoja kimoja mpaka nikapata baridi ya mgongo. Hodari yule! Unamwonyesha mara moja, kesho anakuletea kilichoiva. Nimefundisha watu wa mjini waliokuwa na vyeti, sijawahi kupata mkono mwepesi kama ule.

"Haya umeyasoma wapi, mwalimu?"

"Kazini," nikasema.

Jumamosi hatukuwa na mazoezi, nikamwomba Tusekile anipeleke shamba la chai, shangazi yake anakochuma. Nilimdanganya kwamba nataka kuona misukule watembeeje. Tulifika ukungu ukiwa bado umelala kwenye mistari. Wachumaji walikuwa wengi, matenga mgongoni, mikono ikienda haraka ajabu. Shamba lilikuwa linasubiri kuuzwa, basi waliponiona na koti la kuazima wakadhani nimetumwa na mnunuzi. "Mwambie bosi wako atuletee mabuti!" akapaza sauti mama mmoja, wengine wakadakia. Shangazi akanipa kikombe cha chai ya moto na kiazi, akanicheka ninavyotetemeka. Kila mmoja alikuwa na jina, na nyumbani kwake, na utani wake. Mimi huku nacheka nao, huku nawatazama wanaume visogo, mstari hadi mstari. Hakuna aliyekuwa yeye.

Tukiwa njiani kurudi Tusekile akasimama. "Mwalimu, samahani. Nimekuona unavyogeuka. Ni vilevile ulivyonifundisha."

Nilitaka kumfokea, maana ndiyo tabia yangu. Badala yake nikamwambia yote, pale pale kwenye matope, basi, sanda, mganga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ungemkuta leo, ungemwambia nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. "Anisamehe," nikasema. "Kiti alichokalia kilikuwa changu. Nilimwomba tubadilishane nipate upepo wa dirishani."

Hakuniambia pole. Alinishika mkono kama mnavyomshika mgonjwa kwenye utelezi, tukatembea hivyo hadi mjini.

Jumatatu tulihamia kijiji cha Kinyala, kwa mama yake Mwalimu Ambakisye, kurekodi mazishi. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya migomba, na mlima Rungwe unaonekana mawingu yakipenda. Mama huyo, mzee wa kimo kifupi, macho makali, alitupikia mbalaga, yaani ndizi na maharage, sufuria la kulisha harusi. Misukule wetu wakala na nyuso nyeupe za unga, wakaongeza, mpaka mzee akauliza, "Hawa ndio mnaosema wanakula pumba?"

Vijana walichimba kaburi nyuma ya migomba. Wakakata mgomba mmoja, wakauviringisha kwenye shuka, kwa ajili ya picha. Kosa lao ni kwamba hawakuwaambia majirani. Kinyala mtu akiona udongo umechimbwa, haulizi mara mbili. Saa nne hivi wakaanza kuja, akina mama wamejifunga vitenge kiunoni, wengine na mikungu ya ndizi kichwani, wengine kuni na maharage. Baba mmoja alikuja na ngoma. Wakaketi kwenye nyasi. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kwa kweli niliwaonea fahari.

Mwalimu alipata aibu, akasimama. "Wazazi wangu, samahani sana. Hakuna msiba. Ni mchezo wa video. Tutapiga picha, kisha tufukie."

Watu wakatazamana. Mama yake akainuka, akaenda mpaka ukingoni, akachungulia.

"Kabuli likichimbwa halifukiwi tupu," akasema kwa lafudhi yake. "Huo mgomba mtausika. Na watu wameacha mashamba wamekuja kulia, watalia. Ila mimi siulilii mgomba. Niambieni, tunamlilia nani?"

"Kwenye mchezo anaitwa Juma, mama."

"Juma wa wapi? Mama yake nani?"

Mwalimu akawageukia vijana. Vijana wakatazama chini. Wale wanawake walikuwa wakisubiri kwa upole tu, wapewe jina waanze. Tusekile alinitazama. Angeweza kunisemea, akaniachia mwenyewe.

"Hamisi," nikasikia sauti yangu. "Wa Morogoro. Mama yake ni Bi Zainabu, na mimi ni dada yake. Alikufa kwenye basi, amekaa kwenye kiti changu."

Mama Ambakisye akaja akanifunga kitenge chake kiunoni, akakaza fundo. Halafu wakalia. Wee! Sijawahi kusikia kilio namna ile. Walimlilia Hamisi kwa jina, kwa Kinyakyusa na Kiswahili, wakamuuliza kwa nini ameniacha, wakampa salamu awapelekee wafu wao. Ngoma ikapigwa, wanaume wakacheza wakikanyaga ardhi kwa nguvu, kama ilivyo desturi yao ya msiba. Kwetu mwanamke haendi makaburini, na najua sheikh wangu atanikemea akisoma haya, lakini nilishika udongo kwa mkono wangu nikautupa. Nililia nikiita jina lake. Tusekile alinishika kiuno kwa nyuma, naye akilia, na hakuwa akiigiza. Mwalimu akamwashiria mpiga picha azime kamera.

Mganga aliniambia tulizika mgomba tukadhani ni Hamisi. Mimi nilizika mgomba Kinyala, na ndipo nilipojua ya kuwa Hamisi amekufa.

Siku iliyofuata tulirekodi upya sebuleni, mbele ya mgomba mwingine uliofungwa shuka, bila kuchimba popote. Tusekile alisimama, akageuza kichwa mlango ulipolia, akakiacha kichwa pale kidogo, akakirudisha. Basi. Hakuongeza kitu. Mpiga picha alisahau kuzima. Nilimpigia makofi peke yangu mpaka wakanishangaa. Nilimwambia sina tena cha kumfundisha, akaniambia nisimdanganye, bado hajui kucheka kwenye kamera, kwa hiyo tukafanya na hilo siku tatu zilizobaki, na nikalifundisha kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu Hamisi alipokuwa mwanafunzi wangu wa kwanza.

Ijumaa nikaaga. Walinipa ndizi, maparachichi na viazi mpaka utingo akaguna. Mama Ambakisye alikataa kurudishiwa kitenge chake. "Vaa uende nacho," akasema. Kwenye basi nilikaa dirishani, Kitonga nikaiteremka macho wazi.

Nilijifunza nini? Kwamba mtu wa kusubiriwa na mtu wa kuliliwa si mmoja, na mimi nilimnyima Hamisi machozi yake miaka miwili kwa kuogopa kuomba radhi. Na kwamba kuna watu Rungwe wanaoweza kuacha mashamba yao kumlilia mtoto wa mtu ambaye hawamjui, mradi tu wameambiwa jina lake.

Nilifika nyumbani kesho yake wakati wa adhana ya magharibi. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Umemwona?" akauliza, kama alivyoniuliza kila niliporudi miaka yote miwili.

"Nimemzika, mama," nikasema. "Tuwaite watu wa hitima Alhamisi."

Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukamwagika wote, na hakuna kati yetu aliyeuokota.