Naftali na Prosesa ya Miguu Arobaini

Ukimwona mume wangu Naftali Wanjala akishuka garini hapa kwetu Roseville, utadhani ni mzee wa miaka themanini. Ana hamsini na minne. Ni mgongo tu uliomtangulia kuzeeka. Miaka kumi na mmoja amewainua wagonjwa, akawageuza, akawaogesha, akawarudisha kitandani, na wengine wao, Mungu awabariki, wamekula wakashiba maisha yao yote. Lakini mkalishe mbele ya redio iliyokufa, jamani! Anakuwa kijana. Hata mluzi anapiga.

Hiyo ndiyo kazi aliyosomea, elektroniki, chuo cha ufundi kule Eldoret. Cheti chake hapa Minnesota hakijamfungulia mlango hata mmoja. Ningekifungia maandazi angalau kingepata kazi. Kule chuoni walifundishwa prosesa ya biti nane, ule ubongo mdogo wa kompyuta za zamani. Ila yenyewe ilikuwa moja tu, imefungiwa kabatini nyuma ya kioo, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa idara. Naftali alipasi mtihani wa kitu ambacho hakuwahi kukigusa.

Basi mwaka jana mzungu mmoja kule mji wa Savage alikuwa anahama, akatoa vitu vyake nje kuviuza, na ndani ya boksi la misumari Naftali akaikuta. Prosesa aina ileile ya kule chuoni. Nyeusi, ndefu kama kidole, miguu arobaini ya chuma. Alirudi ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Baba Sydney," nikamwambia, "nilikutuma maziwa."

Maziwa hakuleta. Na tangu siku hiyo meza yangu ya chakula haikuwa yangu tena. Aliichomeka prosesa yake kwenye bredibodi, kibao cha plastiki chenye matundu madogo madogo, unachomeka waya na kuchomoa bila kulehemu. Waya nyekundu, waya za njano, waya kila mahali. Wiki tatu tulikula ugali kwenye kochi, sahani magotini. Binti yetu Sydney, anayesoma Duluth, alipoona kwenye video alicheka, akasema kwa Kiingereza chake kwamba simu yake ina nguvu mara milioni zaidi.

"Simu yako unaijua ndani?" baba yake akamwuliza. "Hii naijua mguu kwa mguu."

Jioni moja ikaamka. Taa nane ndogo zikaanza kuhesabu kwa namna ya kompyuta, hii inawaka, ile inazimika, mpaka mia mbili hamsini na tano, kisha zinaanza upya. Mimi niliyekuwa nikinung'unika wiki zote hizo, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndipo likaja jibu la ombi lake la kazi. Hospitali moja ya Saint Paul ilikuwa inatafuta fundi wa kutengeneza vitanda na mashine zake. Intavyuu ni Jumatatu saa nne asubuhi, na wakaandika: njoo na kitu ulichokiunda kwa mikono yako. Hakuna aliyeuliza cheti! Nilijua hii ndiyo nafasi yake, kwa sababu mgongo ule usingemaliza miaka mingine miwili ya kuinua watu.

Sasa, Jumapili ilikuwa zamu yetu ya kupokea ushirika wa nyumbani. Mama Rahab, kiongozi wetu, hukagua nyumba kwa macho kabla hajaketi. Naftali yuko kazini, meza imejaa waya, nifanyeje? Kuzigusa niliogopa. Nikatoa vitambaa vya mama yangu, alivyovifuma kule Webuye kwa uzi wa nailoni unaong'aa, nikafunika kochi, nikafunika tivii, nikafunika na bredibodi. Nyumba ikapendeza! Mama Rahab alisifu vitambaa kabla hata ya kumsifu Bwana.

Wageni walipoondoka nikavivuta. Ilikuwa Januari, hita inawaka, hewa kavu kabisa. Vitambaa vikalia ta-ta-ta, kimoja kikanipiga shoti kidoleni. Nikacheka, nikavikunja.

Saa kumi na moja Naftali akaingia, akanawa mikono, akabonyeza swichi. Taa zote nane kimya.

Alikagua waya mmoja mmoja. Akabadilisha betri. Akapima kwa mita, jasho likimtoka, huku akijiuliza amekosea wapi. Mwishowe akaniangalia.

"Mama Sydney, kuna kitu kiliguswa?"

"Mimi?" Nikawaka. "Sijagusa hata waya mmoja! Nahangaika na wageni siku nzima, halafu nishukiwe kama mwizi?"

Mwanamume mwingine angenijibu. Yeye akavuta kiti, akanimiminia chai.

"Sikulaumu. Nisimulie tu siku yako, tangu ulipoamka."

Nikamsimulia kwa hasira. Maandazi, ufagio, Mama Rahab na kofia yake, vitambaa. Shoti. Hapo akaweka kikombe chini.

"Ni umeme wa ile nailoni ikisuguliwa kwenye hewa kavu," akasema polepole. "Mtu hashtuki sana, lakini prosesa hizi za zamani zinakufa."

Nililia, jamani. Nikamwambia nimemuua.

"Umeua prosesa," akasema. "Mimi nipo."

Nyingine ingefika kwa posta baada ya siku nne. Nikamsihi apige simu aombe tarehe nyingine, akakataa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akasema. Asubuhi akakitia kibao chake kilichokufa kwenye boksi la viatu, nikamwendesha mimi, nikabaki chini hospitalini kwenye viti vya wageni, naomba huku najitukana.

Alitoka baada ya saa moja na nusu.

"Waliuliza mbona haiwaki," akasema. "Nikawaambia imekufa jana, nikawaonyesha nilivyogundua. Halafu mkubwa wao akaniuliza: mashine imekufa wodini, na nesi anaapa hakugusa kitu. Utafanyaje?"

"Ukasemaje?"

"Nitaketi naye, nimpe chai, anisimulie siku yake bila kumlaumu. Yeye ndiye aliyekuwepo. Nikawaambia jana ilinichukua dakika ishirini."

"Uliwaambia ni mimi!"

"Niliwaambia ni nesi mkali sana."

Nilimpiga kofi la bega, na sikujua nacheka au nalia. Siku tatu zilizofuata sikulala vizuri wala sikula vizuri.

Walipiga Alhamisi nikiwa napika. Naftali akasikiliza, akasema ndiyo, akasema asante, akaweka simu mezani. "Naanza tarehe mosi," akasema.

Niliketi pale pale sakafuni jikoni nikalia kwa sauti, miaka kumi na mmoja yote ikanitoka. Naftali akaja, akainama, akanipitishia mikono kwapani kama alivyozoea.

"Wee! Usithubutu!" nikamfokea, machozi yakinitiririka. "Wewe huinui mtu tena."

Nikasimama mwenyewe.