Dohani Iliyobebwa Mabegani

Harufu ya mihogo iliyochacha hunikuta popote. Nikipita asubuhi pembeni mwa soko, akina mama wakiwa wameanika mihogo yao juu ya magunia, pua yangu huuacha mji huu wa Lubumbashi na kurudi kwenye ghala moja refu la misheni, njia ya Kasenga, mahali ambapo vichuguu vilikuwa virefu kuliko nyumba za watu na msitu ulianza hatua chache nyuma ya ukuta. Zamani ghala lile lilihifadhi mahindi. Nilipolijua mimi, lilikuwa nyumba ya wachoraji. Uji wa mihogo ulipakwa kwenye magunia ya unga yaliyopasuliwa, ukaachwa ukauke mpaka gunia likaze kama ngozi ya ngoma, na waliochora juu yake walikuwa watu ambao mji haukupenda kuwatazama: viziwi, waliopindwa miguu na polio, na wale ambao akili zao zilikuwa na mwendo wake. Rangi walizitengeneza wenyewe, kwa masizi, kwa udongo mwekundu wa vichuguu, kwa mawe ya kijani ya shaba yaliyosagwa kama pilipili. Kuna watu ambao harufu ya utoto wao huwafanya watabasamu. Mimi huinamisha uso.

Baba yangu pia alikuwa mtu wa rangi, lakini rangi za namna nyingine. Babu alitoka kaskazini ya Katanga akiifuata reli, na baba alipokua aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya madini. Kazi yake ilikuwa kuandika namba kwenye mabehewa na mafuvu ya hatari kwenye milango ya umeme. Mstari wake ulinyooka hata wenzake wakasema alizaliwa na rula mkononi. Kutoka uani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi, tuliiona dohani kubwa ya kiwanda ikitoa moshi usiku na mchana, na baba aliitazama kila asubuhi kabla ya kunywa chai, kama Mkristo anavyotazama msalaba. Moshi ukiwepo, mshahara upo.

Baba alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, ambaye sisi watoto tulimwita Tantine Numbi, yaani shangazi Numbi. Alichelewa kusema, na aliposema alisema maneno machache. Mkono wake wa kulia ulitetemeka daima, kama unashika uzi uliofungwa kwa ndege. Alicheka msibani na kulia arusini, na midomo yake haikuweza kuzuia mate. Majirani hawakututukana. Walifanya kitu kibaya zaidi: walishusha sauti tulipopita naye. Nilipokuwa mdogo sana, baba alimpakia kwenye lori la kazini, asubuhi na mapema, akampeleka kwenye ghala lile la misheni. Wageni wakiuliza, nyumbani tulijibu kwamba ameenda kijijini. Aibu ya maiti aijua mwosha, na sisi tulijua vizuri kwamba maiti yetu ilikuwa hai.

Kisha mji ulianguka. Sina neno jingine. Mshahara ulikuja nusu, halafu unga ukaja badala ya mshahara, halafu hata unga ukakoma. Askari wasiolipwa waliingia madukani mchana kweupe, na nyuma yao wakaingia watu tuliosali nao, wakatoka wamebeba milango isiyo na nyumba na masinki yasiyo na bomba. Kwenye stesheni, familia ambazo watoto wao walikaa nami dawati moja zililala chini miezi, zimefukuzwa kwa ajili ya kabila lao, zikingoja treni ya kuzipeleka Kasai, kwao, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Tuliwapita tukiangalia pembeni. Na siku dohani ilipoacha kutoa moshi, baba alisimama uani akiikazia macho, kama mtu anayengoja mgonjwa apumue tena. Chai yake ilipoa. Haikuwa na sukari, kwa hiyo hakuna aliyesikitika.

Mama ndiye aliyelisema jambo ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. "Baba Feza," alimwambia, kwa maana Feza ni mimi, "kwa Numbi banakula," wanakula. Misheni ilikuwa na mashamba, na wachoraji walipewa bukari, ugali wetu wa huku, mara mbili kwa siku. Baba aliingia ndani akatoka na kopo moja dogo la rangi ya kijivu, rangi ya mafuta ya kampuni, la mwisho alilobaki nalo. Alilifunga kwenye shati lake la kazi. Hicho ndicho alichobeba yeye. Vingine vyote alibeba mama.

Tulifika na lori la makaa, wakati wa mvua za kwanza, uyoga ukiwa umeanza kuchomoza chini ya miti. Nilitegemea Tantine Numbi atatusahau, au atatukasirikia. Alitupokea kana kwamba alituma mtu kutuita. Alishika uso wa baba kwa mkono wake unaotetemeka, akasema, "Yaya amekuya," kaka amekuja, kisha akasukuma sahani yake ya bukari mbele yetu. Tulikula. Mama alikula machozi yakimtoka, mimi nilikula haraka, na baba alikula akiwa ametugeuzia mgongo. Mpaka leo sijapata chakula kingine kilicho kigumu kumeza namna ile, wala kitamu namna ile.

Mtawa aliyeliongoza ghala, Sista Kapila, alikuwa mwanamke wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, mnene, mwenye mikono ya mvuvi. Alimpa baba kazi: awe mkono wa dada yake. Kila mchoraji alikuwa na msaidizi wa kumshikia ubao, kumkorogea rangi, kumfungia burashi kwenye kiganja kwa kitambaa. Lakini msaidizi hakuruhusiwa kutia hata nukta. "Hapa tunaazima mukono tu," Sista alimwambia. "Macho ni ya mwenyewe." Na kulikuwa na sheria ya pili: kazi haikuitwa kwisha mpaka aliyeichora aigeuzie ukuta kwa mkono wake. Kabla ya hapo hakuna aliyeisifu, hakuna aliyeikosoa. Baba alisikiliza akitikisa kichwa, mtu mzima anayefundishwa kutembea.

Mchoraji mmoja, Kisimba, hakumhurumia baba. Huyo alichora baiskeli tu, baiskeli za kila namna, kwa kuwa miguu yake haikuwahi kukanyaga pedali, na ulimi wake ulifanya kazi ya miguu. "Weye, mupentre ya kompani!" alipaza sauti siku ya kwanza, akimwita hivyo fundi rangi wa kampuni, ghala zima likisikia. "Uangalie, usimuandike dada yako namba ku mugongo!" Watu walicheka. Tantine Numbi alicheka kuliko wote, akipiga paja. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta uyoga.

Katika mvua zile Tantine Numbi alikuwa akichora dohani yetu. Ilikuwa yenyewe, na ule unene wake wa chini na ule mkanda wa juu, ila ilikuwa imelala. Ilikwenda kutoka upande mmoja wa gunia hadi wa pili, ndefu, nyeusi, na chini yake kulikuwa na madoa mengi ya udongo mwekundu. Nilidhani ni nyasi. Nilimwuliza kwa nini imelala. Aliniangalia kwa subira, kama mwalimu. "Iko mugonjwa," alisema. "Banamubeba." Ndipo nikaona mabega. Yale madoa yalikuwa watu, umati wa watu wadogo, wamejitwika dohani kama wanavyojitwika machela ya mgonjwa kwenye njia isiyo na gari, na kila mmoja alikuwa na mguu mmoja mbele.

Baba hakuona mabega. Alishika ubao, alifunga burashi, alikoroga masizi, na siku baada ya siku alilazimika kutazama kitu alichokipenda kikiwa chini. Jumapili moja sote tulikwenda misa, yeye akasema kichwa kinamuuma. Tuliporudi tulimkuta amekaa mlangoni, ametulia, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke mjini alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi nzuri. Juu ya lile gunia dohani ilikuwa imesimama. Ilikuwa ya kijivu, imenyooka, na moshi wake umepinda kidogo kwa upepo, kama siku za mshahara. Alikuwa amemaliza lile kopo lake lote. Umati wa chini aliufunika akaufanya ardhi.

"Nilimusimamisha tu," alisema, akitabasamu kwa haya. "Sheminé hailalaka," dohani huwa hailali.

Tantine Numbi alikaribia akapitisha kiganja juu ya rangi mbichi. Alitafuta chini, pale palipokuwa na watu, akapapasa kwa muda mrefu. Kiganja kilipotoka kilikuwa cha kijivu. "Haiko yako," alisema, si yako. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kona yake, akakaa sakafuni, akajigeuzia ukuta. Ghala zima lilielewa kabla yetu. Kitu kinachogeuziwa ukuta kimekwisha.

Baba alimletea gunia jipya, akalipaka uji mwenyewe. Alimletea muwa. Alimkaripia, kisha akamsihi. Alijaribu kuikwangua dohani kwa kisu akakuta chini yake matope tu, akaacha. Maji yakimwagika hayazoleki. Mkono wa Tantine ulitetemeka juu ya goti lake, mtupu, na alikula tu mama akimlisha. Sista Kapila hakutufukuza; labda ingekuwa nafuu. Mama ndiye aliyemkata baba kwa maneno, wakiwa kwenye kisima, mimi nimeshika ndoo: "Ulimuleta hapa bantu basimuone. Sasa njo banakuona weye."

Kesho yake baba aliingia ghalani, akavua viatu vyake vya kazi, akakaa sakafuni kando ya dada yake, naye akageukia ukuta. Fundi wa kampuni, mtoto wa mtu wa reli, amekaa kama mtoto aliyeadhibiwa mbele ya watu wote. "Sista!" Kisimba aliita. "Leo tuko na bitu mbili bimeisha!" Safari hii hakucheka mtu. Baba alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni na kuona migongo yao miwili, ule uliopinda na ule ulionyooka, na nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo sikuacha kupita.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua kubwa, mabati yakipiga kelele hata hatukusikiana. Tantine Numbi, bila kumtazama, aliunyoosha mkono wake wa kulia kwa kaka yake. "Funga," alisema. Nilikuwa karibu, nikaisoma midomo yake. Baba alifunga burashi kwenye kiganja. Aligeuka kutafuta gunia, lakini Tantine hakusubiri. Alianza palepale, kwenye ukuta uliokuwa mbele yao, kwa masizi na udongo: dohani, imelala, na chini yake mabega. Baba alishikilia sahani ya rangi mpaka mchana. Na kwa kuwa ukuta hauwezi kugeuziwa ukuta, kazi ile haikuweza kuitwa kwisha, na Tantine aliiongeza watu msimu wote. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Nafikiri yeye alilijua hilo bila kuambiwa.

Ningependa kusema tulibaki. Mahindi yalipokomaa, habari zilifika kwamba kampuni inawalipa wachache, na baba alikuwa miongoni mwa wachache. Tulipanda lori tukarudi mjini na magunia mawili ya mahindi ya misheni, pamoja na ile dohani ya kijivu, ambayo Sista alikataa kuibakiza. Tantine Numbi alitusindikiza hadi barabarani, akicheka, maana ilikuwa kuagana. Tulimwacha mara ya pili, na mara hii hatukuwa na kisingizio cha kutomjua. Alifariki kwa homa misimu michache baadaye. Tulipofika alikuwa amekwisha zikwa, na paa la ghala lilikuwa limeng'olewa. Mvua ilikuwa inaushusha ule ukuta taratibu, mtu mmoja mmoja.

Leo watu husema mji umesimama tena. Malori yenye shehena hupanga foleni kuelekea mpakani Kasumbalesa, majumba ya vioo yameota, na dohani iko palepale, haitoi moshi, ikipigwa picha na wageni. Gunia la baba liko sebuleni kwangu. Rangi ya mafuta haikai juu ya uji wa mihogo. Fundi kama yeye alipaswa kulijua hilo, na nadhani alilijua. Imekuwa ikibanduka mwaka hadi mwaka, vipande vyembamba kama magamba ya samaki, na mahali ambapo kisu chake hakikufika udongo mwekundu umeanza kujitokeza: kwanza mguu mmoja mbele, kisha bega, kisha mengine. Mwaka jana nilimleta baba anitembelee. Haoni vizuri, hatembei bila kushikwa. Nilimkalisha mbele ya picha, na kabla chai haijafika gamba moja la kijivu lilidondoka likatua kwenye kiatu chake. Nilimwambia kuna kijana mjini anayejua kutengeneza picha za zamani, anaweza kuigandisha rangi isiendelee kuanguka.

Baba aliinama karibu na gunia mpaka pua yake ikakaribia kuligusa. Alikaa hivyo, akihesabu mabega kwa midomo.

"Acha ianguke, Feza," alisema. "Haiko yangu."

Kisha akaninyooshea mkono ili nimwinue.